Unataka kujitolea kijijini na watoto na wazee? Soma hii kabla hujapanda matatu

Siku ya kwanza nilienda na spika. Spika ya kuazima, zile za magurudumu za kufanyia shughuli za harusi, tukaifunga na mipira nyuma ya boda pale Kaloleni mpaka kijijini ndani, na begini nina madaftari, kalamu na karatasi niliyoandika maswali ya kuuliza wazee. Tulipofika tukapanga watoto mistari kama paredi ya shule, wazee sita tukawaweka mbele kwenye viti vya plastiki, mimi nikashika maiki hapo katikati. "Haya watoto, nani anataka kumuuliza babu swali?" Kimya. Mtoto mmoja akasukumwa na wenzake akasimama, akauliza una miaka mingapi, mzee akajibu, mtoto akakaa mbio mbio. Tukaenda hivyo saa moja na nusu. Nikarudi Mombasa nimechoka najiambia hawa watoto wana haya sana.

Haikua haya. Walikua wanaogopa.

Nasema hivi manake watu wengi wananiuliza, hasa vijana wa hapa Kisauni waliomaliza fomu foo wanangoja kuitwa chuo, wanataka kujitolea kwa hii kazi yetu ya kukutanisha watoto na wazee, na kila mmoja anaanza na swali la tubebe nini. Mimi nimeanza 2022 na jibu langu ni lile lile, kabla ya kubeba kitu jua kwanza hao watoto wameambiwa nini kuhusu hao wazee. Mimi nimezaliwa Majengo, kwetu bibi ndio mwenye nyumba, ukigombezwa na mama unakimbilia kwa bibi, sasa nikaenda na akili hiyo hiyo nikidhani kila mahali iko hivyo. Kumbe kaunti ya Kilifi kwa miaka mingi wazee wamekua wakifukuzwa makwao na wengine kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ukifuatilia vizuri mara nyingi utakuta chini yake kuna shamba, vijana wanataka kuuza au kugawana na mzee bado yuko hai. Kuna wazee wanapaka nywele rangi nyeusi wafiche mvi. Huko Ganze kuna Kaya Godhoma, wazee waliokimbia vitisho wamekua wakipata hifadhi huko. Sasa mtoto wa miaka tisa anakulia katikati ya maneno hayo, anaambiwa usile kwa fulani, usipite kwa fulani jioni, alafu wewe unatoka mjini na spika unamwambia haya msalimie bibi.

Kwa hivyo nenda kwanza bila programu. Mwone chifu, mwone mzee wa kijiji, wao watakwambia nyumba gani ina kesi ya ardhi, mzee gani hapatani na nani, na mtoto wa nani mnaweza kumweka wapi. Mimi baada ya ile siku ya spika nilienda Jumamosi tatu mfululizo nikikaa tu chini ya mkorosho na kina hawe (Wagiriama bibi humwita hawe na babu tsawe, jifunze hayo mawili kabla ya yote, usiwaite shosho) na sikufanya kingine zaidi ya kukaa na kupiga stori.

Kilichobadilisha mambo wala sikukipanga. Jumamosi moja chakula kilichelewa, hawe mmoja akachoka kungoja akavuta mbuzi akaanza kukuna nazi mwenyewe, alafu bila kuangalia nyuma akaita, "We, njoo ushike kifumbu." Msichana aliekua karibu akaenda, si unajua mtoto wa pwani akiambiwa ashike kifumbu hana la kujibu. Akaanza kukamua tui, hawe akamwambia sio hivyo, kamua kwa kiganja, ongeza maji kidogo, na mwengine akaja kuchambua mchicha, na mwengine kuchochea moto, na baada ya nusu saa hivi wale watoto ambao hawakuweza kuuliza swali moja kwenye maiki walikua wanabishana na hawe kuhusu chumvi.

Nililifikiria sana hilo nikiwa kwenye matatu narudi. Mtoto anaeogopa hawezi kukaa uso kwa uso na mtu anaemuogopa, hata mimi mkubwa siwezi. Lakini akikaa ubavuni kwake, wote wawili wanaangalia nazi, anaweza. Macho yana pa kukaa. Na mzee naye anapumua, manake ukimweka mbele ya watu umuulize maswali anaona kama yuko kwenye baraza anahojiwa, na kwa mzee ambae kweli aliwahi kuhojiwa kwenye baraza kuhusu uchawi hicho ni kitu kibaya sana, mimi nilimfanyia mtu hivyo bila kujua na bado naumia nikikumbuka.

Basi tangu hapo sisi hatuna vipindi vya maswali, tuna kazi. Na kazi tunaichagua ile ambayo kila mmoja anamhitaji mwenzake. Kusuka ukili ni nzuri sana kwa hilo. Hawe wengi macho yamepungua lakini vidole vinajua, anasuka huku anaangalia barabara, ila kuchana miyaa iwe sawa sawa na kutunga uzi kwenye sindano ya kushonea mkeka hawezi tena, hiyo ni kazi ya mtoto. Kwa hivyo hawe anamngoja mtoto na mtoto anamngoja hawe. Kazi nyengine ni kutafsiri. Kuna wazee Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu, wanasema Kigiriama cha ndani, sasa usilete mtu mzima wa kukutafsiria, mwache mtoto afanye. Utaona anavyokaa, mgongo umenyooka, manake bila yeye mazungumzo hayaendi. Na kama wewe mwenyewe hujui lugha hiyo ni faida, kubali kufundishwa. Mimi hawe aliniambia amenipikia wari nikafurahi nikajua wali wa nazi, ikaja sima, watoto wakacheka mpaka wakalala chini na hawe akacheka nao, na ilikua mara ya kwanza kuwaona wanacheka kitu kimoja.

Stori zitakuja zenyewe, usizifukuze. Kuna siku tulikua uani tunachambua kunde, kuku akapita na vifaranga wake, mtoto mmoja akajaribu kukamata kifaranga na kuku akamrukia. Tsawe mmoja aliekua anachonga mpini akasema sasa hapo umeona alichosema Mekatilili. Akaanza kueleza, kwamba Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, alimletea afisa mmoja wa Wazungu kuku na vifaranga akamwambia haya chukua kimoja uone mama yake atakufanya nini, na hivyo ndivyo tutakavyokufanya ukichukua watoto wetu. Kisha akawapa yote, vile alivyokua akizunguka na ngoma ya kifudu kukusanya watu mwaka 1913, vile walivyomkamata yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka mbali kule Kisii na wakatoroka wakarudi kwa miguu. Watoto hao Mekatilili wamemsoma shuleni, lakini pale kuku yuko mbele yao bado kavimba manyoya. Mimi ningeandaa hiyo stori kwa chati na picha nisingeipata hata robo.

Makaya, ile misitu mitakatifu ya mababu, pia watayataja. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 na watu wa mjini tukiskia hivyo tunataka kupeleka watoto wakapige picha huko, tafadhali usifanye. Kaya ina wenyewe na ina miiko, wazee wakiona wakati umefika watawapeleka watoto wao na wewe huenda ukaambiwa ubaki nje, na ubaki nje.

Kuhusu vyakula. Mwanzo nilikua napeleka soda na mikate, na baada ya mwezi watoto wakawa wanauliza soda iko wapi kabla ya salamu, na siku tuliyokosa pesa walikuja wanane. Pia wazee wengi wana sukari na wengine hawana meno, mkate mkavu unamtesa. Siku hizi tunachanga kwenye sufuria, sisi tunaleta unga na mafuta, wao wanaleta kunde, mnavu, nazi, mtsunga kama upo, na kupika kwenyewe ndio programu. Mtsunga ni mchungu, watoto wanaukunjia uso, na hawe wanajua jinsi ya kuutoa uchungu kwa hivyo hapo pia kuna darasa.

Makaratasi usiyapuuze hata kama umealikwa na mtu unaemjua. Unaenda kukaa na watoto wa watu. Toa cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi), unaomba kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, shilingi 1,050 alafu unaenda kuweka alama za vidole, na upate ruhusa ya mzazi kwa kila mtoto, sio mwalimu amesema sawa basi yaishe. Usikae na mtoto peke yenu ndani, kazi yote ifanyike uani watu wanapita. Na pesa za wazee kaa nazo mbali kabisa. Waliofika miaka 70 na kusajiliwa wanapata Inua Jamii, pesa za serikali, 2,000 kwa mwezi, na zikitoka utaombwa umsomee hawe meseji, umshikie simu, umtolee. Mwite mtu wa familia yake. Hata ukiwa mwaminifu vipi, siku hesabu ikipotea wewe ndie mgeni.

Kalenda ni ya kijiji sio yako. Mvua za masika zikianza kila mtu yuko shamba, wazee na watoto wote, na udongo ule ukilowa boda haipiti, kwa hivyo Aprili na Mei sisi tunaenda kupalilia tu kama tunafika. Pesa za wazee zikitoka hakuna mtu. Na kukiwa na matanga usiseme programu imevurugika, matanga ya huko yanaenda siku kadhaa, nenda ukae nao, changa chochote, beba maji. Mimi nimejulikana zaidi kwenye matanga mawili kuliko kwenye Jumamosi zote za mwaka wa kwanza.

Sasa la picha, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Kulikua na mvulana mmoja, wa gredi ya nne wakati huo, mkono mwepesi sana kwa ukili. Alianza kwa kuchana miyaa tu na baada ya miezi michache alikua anasuka mwenyewe, na hawe aliekua anamfundisha alimpenda, anamwita mudzukulu wangu, yaani mjukuu wangu. Siku moja hawe akamshika mashavu kwa mikono yote miwili kwa furaha, kamaliza pindo la kwanza bila kukosea, na mimi nikapiga picha. Ilikua picha nzuri kwa kweli. Nikaiposti jioni hiyo hiyo nikiwa kwenye matatu, na maneno matamu juu yake, na sikumuuliza mtu.

Picha ilizunguka mpaka ikarudi kijijini kwa simu ya mtu. Huyo hawe alikua ameshasemwa zamani kuwa ni mchawi, mimi sikujua, au niseme sikuuliza. Mama wa mvulana akaonyeshwa mwanawe ameshikwa uso na yule yule ambae yeye alimkataza kumkaribia, na Jumamosi iliyofuata mtoto hakuja, na hawe alikuja akakaa na miyaa mapajani mpaka tukafunga. Nilifuta picha. Nilienda kuomba msamaha kwa mama na mzee wa kijiji, tukakaribishwa vizuri tukapewa maji, mama akaskiza yote, akasema nimekuelewa mwanangu lakini huyu hatoenda. Nilienda kwa hawe pia. Yeye hakusema kitu kuhusu picha, aliniuliza tu kama mtoto ni mzima.

Kwa hivyo simu iweke begini. Kama wafadhili wanataka picha piga mikono, piga mkeka, piga sufuria, na uso wa mtu usiupeleke popote mpaka yeye na nyumba yake na nyumba ya huyo mtoto wamekubali, na hata wakikubali jiulize mara ya pili nani mwengine ataiona.

Huu ni mwaka wa pili tangu ile picha. Mvulana mama yake bado hajamruhusu kuingia, na sisi hatumwiti wala hatumpelekei kitu kwa siri, nimewakataza kabisa volontia wapya manake tukimdanganya mama mara moja hiyo nyumba imetufunga moja kwa moja. Ila Jumamosi anakuja na mbuzi wa kwao kuwalisha kule kwenye mikorosho ya mpakani, mbali kiasi cha kurusha jiwe. Tukimaliza kazi tunafanya vitendawili, na hawe akisema kitendawili, watoto wakaitika tega, kuna sauti moja inatoka huko kwenye mikorosho. Mwezi uliopita hawe alitega kuku wangu katagia mwibani, hawa wa mkekani wakashindwa wakaanza kumpa mji, wakampa Mombasa, wakampa Malindi, na kutoka kule mbali ikaja "nanasi!"

Hawe siku hizi kiti chake anakigeuza kiangalie upande huo, na anatega kwa sauti ya juu.