Bangi, mairungi na unga: maswali yenu kuhusu kuondoa ujinai

Maswali mengi yaliyotufikia yanauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: hapa Uganda, anayetumia dawa za kulevya kwa starehe yake, iwe bangi, mairungi (miraa) au unga (heroini), aendelee kufungwa, au sheria imwachie? Tumechagua matano.

Kuhalalisha na kuondoa ujinai si kitu kimoja? (Mwalimu, Mukono)

Hapana, mwalimu. Kuhalalisha ni kuruhusu biashara yenyewe kwa leseni na kodi, kama Kanada ilivyofanya kwa bangi mwaka 2018. Kuondoa ujinai hakufiki huko. Dawa inabaki haramu na muuzaji anafungwa kama kawaida, ila mtumiaji aliyekutwa na kiasi chake mwenyewe hashtakiwi kwa jinai. Ureno wanakwenda hivyo tangu Julai 2001. Polisi anachukua dawa na kuandika wito, kisha ndani ya saa 72 mhusika anafika mbele ya jopo la watu 3. Jopo linaweza kumwonya, kumtoza faini au kumwelekeza kwenye tiba. Ukisikia redioni kwamba Ureno bangi ni ruksa, aliyesema hajaisoma sheria.

Hicho "kiasi chake mwenyewe" kinapimwaje? Na sisi wa mairungi je? (Mkulima, Butambala)

Mzee, hapo ndipo sheria nyingi zinapoharibikia. Ureno walikadiria matumizi ya siku 10: majani ya bangi gramu 25, kokeini gramu 2, heroini gramu 1. Meksiko nao walijaribu mwaka 2009 wakaweka bangi gramu 5, kokeini nusu gramu, heroini miligramu 50. Linganisha heroini tu: kipimo cha Meksiko ni sehemu moja ya ishirini ya kile cha Ureno. Mraibu aliyenunua akiba ya kesho anavuka mstari, na kwenye karatasi anaonekana muuzaji. Ukipandisha mno, nao wauzaji wanajifunza kutembea na mzigo ulio chini kidogo ya mstari.

Mairungi ni kizungumkuti zaidi. Kinachochangamsha ni kathinoni, iliyoko kwenye majani mabichi na vichipukizi. Yakinyauka, inageuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ndiyo sababu fungu linafungwa kwa majani ya mgomba, linanyunyiziwa maji na kukimbizwa sokoni ndani ya siku 2 hivi. Sasa liweke kwenye mizani: asubuhi limelowa, jioni limesinyaa, uzito si ule. Na vijiti ambavyo mtafunaji anavitupa vinahesabiwa? Sheria ikisema "gramu" bila kusema mbichi au kavu, na vijiti au bila vijiti, inamwachia afande mizani pamoja na hukumu. Kwa mairungi tungechagua kuhesabu mafungu.

Ila usidanganyike kuhusu hali ya leo. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sheria ya dawa za kulevya iliyokuwapo kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi (idadi ya wabunge inayotakiwa), na waliofungua kesi walikuwa chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso. Mahakama haikusema kutafuna ni haki ya mtu. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha muswada mwingine, na mairungi yakabaki kwenye marufuku. Ukivuka mpaka wa Malaba, jani hilohilo ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria ya Kenya. Hilo linawezekana kwa sababu mkataba wa kimataifa wa 1971 unadhibiti kathinoni na kathini, jani lenyewe haukulitaja. Kila nchi inajiamulia.

Oregon walijaribu wakarudi nyuma. Hilo si jibu tosha? (Mzazi, Arua)

Ni jibu la swali jingine, mama. Jimbo hilo la Marekani liliondoa ujinai Februari 2021. Aliyekamatwa aliandikiwa faini ya dola 100, ambayo ilifutwa akipiga simu ya ushauri. Wengi hawakulipa wala hawakupiga, na hakuna kilichowafuata. Fedha za tiba zilichelewa kufika kwenye vituo, huku fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikisambaa mitaani. Septemba 2024 kosa la jinai likarudi. Ureno kuna jopo la kukutana nalo ana kwa ana na kituo cha kupelekwa. Oregon kulikuwa na karatasi na namba ya simu. Anayetaka kuiga kwetu aanze kwa kuhesabu vitanda na wauguzi, muswada baadaye.

Kaka yangu anavuta unga. Sheria ikibadilika atapona? (Dada, Makindye)

Sheria haimtibu mtu, dada. Inaweza tu kumpunguzia hofu ya kujitokeza. Tiba ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya unga, ipo hospitali ya Butabika, Kampala, tangu 2020, hata bila sheria kubadilika. Mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi. Siku ya kwanza kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 30, kisha inapandishwa polepole, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Atalalamika kuwa arosto (mateso ya kukosa unga) haijaisha na kutaka aongezewe haraka. Msimsaidie kutafuta ya pembeni. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, dozi ya leo inalalia juu ya mabaki ya jana, na wiki 2 za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote, hasa akichanganya na waragi au vidonge vya usingizi.

Hatari nyingine ni siku anapotoka jela. Mwili umesahau unga, yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Anarudia kilekile, pumzi inakata. Hiyo ni hoja nzito dhidi ya kufunga watumiaji kuliko hotuba nyingi tulizosikia.

Nimekamatwa na msokoto mmoja, naambiwa nilipie bondi. Ni kiasi gani? (Wa boda, Busia)

Sufuri. Dhamana ya polisi hailipiwi. Utaombwa wadhamini, na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) inasaidia. Usipoachiwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Una haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kwa hiyo usisaini maelezo kabla hujasomewa. Omba kielelezo kipimwe na kufungwa mbele yako, na uzito uandikwe palepale. Kesi ikiendelea, mwendesha mashtaka atahitaji ripoti ya maabara ya serikali kwamba hiyo ni bangi kweli. Wakili wako aulizie ripoti hiyo mapema, na alinganishe uzito ulioandikwa humo na ule wa kituoni.