Mleta mada, hizo saa 12 kwa siku usiziamini bado

Simama hapo hapo. Unasema kompyuta ya kliniki imeonyesha mama anatumia vifaa vyake vya kusikia wastani wa saa 12 kwa siku, lakini mkiongea mezani bado hasikii, kwa hiyo mnataka kumnunulia vyenye nguvu zaidi. Mimi nilimnunulia baba. Hela ile ilikwenda bure.

Kumbukumbu iliyomo ndani ya kifaa, ambayo ndiyo kompyuta inaisoma, inahesabu muda ambao kimewashwa, basi. Haijui kama kiko sikioni au kwenye droo. Baba alikuwa anavivaa asubuhi tukinywa chai, nikitoka tu anavivua na kuvitia kwenye kikopo cha dawa vikiwa vimewashwa. Jioni akiona nimefika, anavivaa. Miezi minane! Hata betri hazikunishtua, maana zilikuwa zinaisha kweli na mimi nabadilisha kama kawaida.

Mtaalamu wetu akasoma saa 13, akanipongeza. Nikamwambia mzee hasikii. Akasema masikio yameshuka, tupande daraja. Macho yake yalikuwa kwenye skrini muda wote, sikio la baba hakuligusa! Vifaa vingine hurekodi hata saa ngapi zilikuwa za mazungumzo, ngapi za kelele, ngapi za ukimya. Vya baba vilikuwa na hiyo. Angefungua ukurasa huo angeona mazungumzo ni machache mno kwa saa zote hizo. Hilo bado linaniuma, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Siku moja nilirudi mapema nikasikia mluzi mwembamba chumbani, kama mbu. Ulikuwa unatoka kwenye kikopo. Nilipomuuliza baba, akainamisha kichwa, akanionyesha nyuma ya sikio: kidonda, ukubwa wa punje ya mtama. "Kinanichoma, mwanangu. Sikutaka ujue hela yako imepotea."

Na hilo daftari unalotaka mama awe anaandika saa anazovaa, achana nalo. Wazee wengi hutaja saa nyingi kuliko wanazovaa, wala si uongo wa makusudi. Baba ningemuuliza angesema "tangu asubuhi."

Fanya hivi: kila anapovivua, kimlango cha betri kifunguliwe, au kama ni vya kuchaji viende kwenye chaja. Hapo ndipo saa za kwenye kompyuta zitakaribia saa za sikioni. Fanyeni hivyo wiki mbili, kisha kliniki wasome wiki hizo mbili peke yake, wasichanganye na miezi ya nyuma. Wewe nawe uwe unaingia chumbani kwa mama saa asizokutegemea, uangalie sikio. Kabla ya hapo msinunue chochote, hata mkiambiwa kuna punguzo.

Mambo ya kusafisha nta ya masikio uliyouliza, wengine watakujibu. Wewe leo mwombe mama akuruhusu uangalie nyuma ya masikio yake, yote mawili, penye mwanga.