Akikamatwa na ulevi mara ya pili, asitegemee adhabu ya mara ya kwanza

SWALI: Assalaam alaykum. Mdogo wangu yuko Birmingham, Uingereza. Miaka sita iliyopita mahakama ilimfungia leseni mwaka mmoja kwa kuendesha gari amelewa, na sasa amekamatwa tena. Anasema akikiri haraka na kueleza kuwa wazazi wetu wanamtegemea, atapewa adhabu ile ile. Ni kweli? – Dada wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Si kweli, na mwambie kabla hajasimama kizimbani. Huko, anayerudia kosa hili ndani ya miaka 10 hufungiwa leseni si chini ya miaka 3. Mara ya kwanza ni si chini ya miezi 12. Hesabu huanzia siku aliyotiwa hatiani kwa kosa la zamani hadi siku aliyotenda jipya, kwa hiyo kuvuta kesi ili miaka ipite hakumsaidii chochote.

Kukiri mapema hupunguza faini au kifungo kwa kiasi kisichozidi theluthi, lakini hakuigusi hiyo miaka 3. Wazazi na kazi navyo haviigusi. Mahakama husikiliza sababu maalumu zinazohusu tukio lenyewe tu, kwa mfano aliyetiliwa kilevi kwenye kinywaji bila kujua. Kifungo kinaweza kufika miezi 6, na faini haina kikomo. Na kama alikataa kutoa pumzi au damu kituoni akidhani ni ujanja, kukataa kwenyewe ni kosa lenye kufungiwa vile vile.

Afadhali nguvu aziweke kwenye kozi ya madereva waliopatikana na ulevi. Hakimu akimruhusu na akaimaliza, muda hupunguzwa kwa kiasi kisichozidi robo, yaani katika miaka 3 hutolewa hadi miezi 9. Wakili wake aiombe siku ya hukumu.

Miaka ikiisha leseni hairudi yenyewe. Kwa makosa mawili ndani ya miaka 10 atawekwa kundi la madereva wa hatari kubwa. DVLA, mamlaka ya leseni ya huko, itampeleka kwa daktari na damu yake itapimwa CDT, kipimo kinachofichua unywaji mkubwa wa wiki za karibuni. Asiguse usukani mpaka apewe leseni. Akikamatwa akiendesha huku amefungiwa, hapo jela iko karibu sana.

SWALI: Mimi ni dereva wa Tanga–Pangani na nilishawahi kutozwa faini ya ulevi. Nikifikishwa tena mahakamani hapa kwetu, si bora nikubali yaishe?

JIBU: Hayaishi, ndugu yetu. Ukikiri, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, nawe unaulizwa kama ni ya kweli. Usijibu "ndiyo" kwa mazoea. Sikiliza kiwango kilichotajwa, maana kikomo cha sheria yetu ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ukipinga jambo la msingi, hakimu huandika kuwa umekana. Ukishatiwa hatiani ndipo kosa lako la zamani linatajwa, na wewe unaomba kupunguziwa. Kama kosa hilo si lako, sema hapo hapo. Upande wa mashtaka ndio wenye kulithibitisha.

Aliyekiri mwenyewe hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Madereva wengi hunaswa asubuhi, si usiku. Katika kila mililita 100 za damu, mwili huondoa takriban miligramu 15 za kilevi kwa saa. Aliyeacha tembo la mnazi saa sita usiku akiwa na 180, saa kumi na mbili alfajiri bado ana 90, hata kama amelala, ameoga na kunywa kahawa chungu. Asubuhi kama hiyo mpe mwenzako gari.