Furaha ya Kurani? Waulizeni na waliokuwa wakipimiwa

Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki hii, "Umeipataje furaha ya kujifunza Kurani na kuifuata, na umeidumishaje mpaka leo?", nililisoma nikaliweka kando, kisha nikalirudia nikiwa na hasira kidogo. Mmeuliza kana kwamba furaha ndiyo mlango. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani huko Pemba tuliingilia mlango wa bakora. Alifu, be, te kwenye ubao, halafu Juzuu Amma, sura 37 tunazighani huku tunayumba, na aliyekosea irabu anaikumbuka irabu hiyo mpaka leo. Maana hatukuambiwa wala hatukuuliza. Mkitaka furaha hapo, basi ni ile ya Alkhamisi tukifunguliwa.

Kwa hiyo swali lenu siliwezi. Nitajibu la jirani yake: mtu akiamua kuifuata aya moja tu, inamgharimu nini?

Babu yangu mzaa mama alikuwa na mikarafuu upande wa Wete. Wasiokulia huko niwaeleze kwamba mchumaji wa karafuu enzi zile halipwi kwa siku, alilipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Anapanda tangu asubuhi, anashusha mapakacha, kisha yeye na watu wake wanakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, ndipo wanajipanga mbele ya mwenye shamba kupimiwa. Pishi ina vibaba vinne, hilo halina ubishi. Ila kule kwetu pishi ya mchumaji ilikuwa ya tele: karafuu zinarundikwa juu ya mdomo wa kipimo mpaka zinamwagika, na wako waliozungushia viganja ukingoni ili rundo lipande zaidi. Zilizomwagika zinabaki kwenye jamvi la mwenye shamba. Babu hakuwa akizungushia viganja, na alikuwa akijisifu kwa hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 Ramadhani iliangukia msimu. Baada ya Alasiri palikuwa na darsa msikitini, nami nilikuwa mtoto wa kumfuata babu. Mwalimu alikuwa na Jalalayn, ile tafsiri ya Kurani ya Kiarabu, mbele yake, kama ilivyo ada ya masheikh wa pwani, na pembeni ile tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyochapwa 1969, ambayo wazee wengine bado walikuwa wakiitazama kwa jicho la pembeni. Alipofika sura ya 83, Al-Mutaffifin, "Ole wao wapunjao", msikiti mzima uligeuka kumwangalia mwenye duka mmoja aliyeegemea nguzo. Maskini akajifanya anatafuta tasbihi.

Mwalimu akawaacha wamalize kucheka. Akasimulia yaliyopokewa kwa Ibn Abbas, kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wake wabaya mno katika vipimo, ikateremka sura hii, wakatengenea. Kisha akasema tusikimbilie dukani. Aya ya tatu ndiyo ya muuzaji anayewapunguzia watu. Ya pili inamsema mpokeaji, yule ambaye akijipimia kutoka kwa wenzake anataka ajaziwe.

"Pishi ya zaka ya fitri mnaitoaje?" akauliza.

"Mfuto," wakajibu, yaani iliyosawazishwa na mdomo wa kipimo.

"Na ya karafuu mnaipokeaje?"

Kimya. Mwenye duka, nakumbuka vizuri, ndipo alipoiona tasbihi yake.

Babu alikuwa ameihifadhi sura hiyo tangu utotoni, aya zote 36, na akisalisha Isha alipenda kuisoma kwa sababu sauti yake ilikuwa inaiweza. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno. Usiku, baada ya futari, wachumaji wakaja na taa ya chemli ikawashwa, naye akatoka na kipande cha ubao kilichopigwa randa. Akajaza pishi, akapitisha ule ubao mdomoni, karafuu za juu zikaanguka upande wa mchumaji. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye watoto wengi. Hakufurahi hata kidogo. Akauliza, "Na bei, mzee wangu?" Babu akamwambia ile ile. Mama akaomba pishi irudiwe mbele ya mashahidi, akidhani kuna kamchezo. Nyuma yake watu wakaanza kunong'onezana kwamba mzee anataka kupunguza malipo kesho, leo anawatia ulimi asali. Ilibidi aape, na babu alichukia kuapa kuliko kitu chochote.

Bibi alikuwa mlangoni anahesabu. "We mzee, sadaka hutolewa kwa kificho," alisema, "hii unayogawa ni mabati yangu." Na kweli msimu ule paa letu lilibaki la makuti. Haikupita wiki wakaja wenye mashamba wenzake, kwa heshima zote, wakakaa barazani. Walisema anawaharibia wachumaji. Wakampa na njia ya kutokea: apokee tele kama kawaida, halafu mwisho wa msimu achinje ng'ombe awalishe. Babu akawajibu, "Sadaka nitoe katika changu." Wawili kati yao hawakuja tena kunywa kahawa kwetu.

Nawaeleza kwa urefu kwa sababu mtu akiniambia raha ya kufuata maandiko naiona ile baraza. Babu alikuwa amenuna. Aliendelea na ubao wake msimu baada ya msimu akiwa amenuna, na wachumaji wazuri wakawa wanakuja kwake kwanza, jambo lililozidi kuwaudhi majirani.

Nilidhani nitaishia hapa. Lakini nikiandika nimemkumbuka mzee huyo huyo macho yalipokwisha, tukimsomea tafsiri alasiri. Siku moja alilalamika kwamba chai imepoa. Bibi, yule yule wa mabati, akamjibu kutoka jikoni: "Yako unataka ya moto kila siku. Mimi nikitaka kwenda Chake Chake kwa dada yangu unaniambia subiri mwezi uandame. Hiyo nayo ni tele au mfuto?" Babu alicheka mpaka akakohoa, akanitaka nimsomee tena ile sura tangu mwanzo, na kila aya akasimama kuuliza bibi anasemaje. Bibi akaenda Chake Jumamosi yake. Tangu hapo ikawa mchezo wao, kila mmoja kumvizia mwenzake kwa aya, na bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga darsa ya wanaume, ndiye aliyekuwa akishinda.

Sasa ile siwezi kuiita kitu kingine, ilikuwa furaha. Ila msiniambie kwamba kusoma ndiko kulikoileta. Mjomba wangu aliyerithi shamba anaisoma Kurani kwa tajwidi nzuri kuliko babu, na msimu wake wa kwanza alirudisha pishi ya tele. Mimi nauza vitambaa Kariakoo, na katika kitambaa kuna namna ya kuvuta mita ambayo sitaifundisha hapa.

Basi mkinilazimisha nijibu mlichouliza: ndiyo, ipo, na pengine inadumu kuliko ile ya Alkhamisi. Lakini ilimfikia mtu aliyekwisha kulipa, tena kwa kupitia mke aliyempinga, na sina hakika ingemfikia kama bei ya karafuu ingeanguka miaka ile na sisi tukalala na njaa. Hilo siwezi kumsemea. Na mkichapisha majibu yetu, mtafuteni na mchumaji mmoja aliyepimiwa enzi zile, wa shamba lolote. Wapo bado, ukiuliza Wete utaonyeshwa.

Msomaji wenu,
Mpemba wa Kariakoo