Muulize Fundi: Upinde unataka mti gani?

Mwezi huu sijui nani kawaroga, barua tatu zote ni za upinde, hakuna hata mmoja aliyeuliza kitanda wala mlango unaogoma kufunga. Haya, twende hivohivo.

SWALI: Fundi shikamoo. Nataka kujichongea upinde wa kizamani, mti mtupu, bila faiba wala chuma. Tatizo kila ninapouliza naambiwa tafuta yuu, au hikori, au oseji, na mi hiyo miti sijawahi kuiona. Je niagize, au kuna mti wa hapa karibu unaofaa? (Mlenga Maembe)

JIBU: Marahaba. Usiagize kitu mwanangu. Hao watu wa zamani unaotaka kuwaiga nani alikuwa anawaagizia? Yule maiti aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, wanamwita Ötzi, alikuwa na upinde wa yuu wa karibu sm 182 ambao hata hakuwahi kuumaliza kuchonga, ana miaka zaidi ya 5,000 yule, na alitumia yuu kwasababu yuu ilikuwa inaota kwao. Pinde za Holmegaard kule Denmark, za kale zaidi hata ya huo wake, zilichongwa kwa mti uitwao elmu, basi wachongaji wakafanya mikono ya upinde, yani zile pande mbili zinazopinda, iwe mipana, na mambo yakaenda. Kila mtu na mti wake.

Sa swali la jina la mti mi naliweka la pili. La kwanza ni hicho kipande chenyewe, maana mti mzuri kwa jina ukiwa na nyuzi zilizopinda unavunjika, na mti usio na sifa yoyote ukiwa umenyooka unakupa upinde wa miaka. Elewa kwanza upinde unavyoteseka: upande unaotazama shabaha tunauita mgongo, huo unavutwa ukivuta ugwe (ile kamba ya upinde), na upande unaokutazama wewe ni tumbo, huo unabanwa. Mgongo ukiwa na nyuzi zilizokatwa katikati, hapohapo ndipo patakapochanika, sio pengine.

Kwahiyo ukifika kwenye mti (na umeomba ruhusa kwa mwenyewe, tusije tukaanza na kesi) angalia gome kabla ya kitu kingine. Mistari ya gome ikiwa inazunguka shina kama kamba iliyosokotwa, ujue na nyuzi za ndani ziko hivohivo, uache huo. Tafuta shina changa lililonyooka, lisilo na matawi kwa urefu wa kama mita 2, unene sm 8 mpaka 10 linatosha kabisa, afu ulipasue kwa shoka na kabari, usilipasue kwa msumeno. Kabari inafuata uzi wa mti inapokwenda, msumeno unafuata mkono wako, na mkono wako haujui kitu.

Halafu kuna kale kamtihani kangu. Chukua kipande kilichokauka cha mti huohuo, chonga kijiti cha unene wa penseli, urefu shubiri moja na nusu hivi, ukikunje polepole mpaka kivunjike. Usikitupe! Kiangalie kilivyovunjika. Kama kimekatika mara moja, kwa! mkato mfupi kama karoti, achana na huo mti. Kama kimelia lia kwanza, kikachanika vipande virefu vyembamba ambavyo bado vimeshikana vinaning'inia, hapo umepata mti wa upinde hata kama jina lake hulijui. Na kikikunjika tu kikabaki kimekunjika bila kuvunjika, aidha bado kibichi au tumbo lake ni laini, huo utakupa upinde unaolala, yani unautoa ugwe na wenyewe bado umepinda kama mzee wa mgongo.

Majina sasa, maana najua bila majina hutaridhika. Jamii ya mikole imechongewa pinde sehemu nyingi za Afrika, na sio kwa bahati. Mforosadi nao jaribu, watu wanahangaika kutafuta oseji kumbe mforosadi ni wa ukoo uleule mmoja na wanaula matunda tu. Mpingo usijisumbue, ni mzito, mgumu kuchonga na unapenda kupasuka, uachie filimbi. Mkaratusi nao ni shida, unaukata leo na kesho ncha zimeshafunguka zenyewe.

Na ukipata mti mwepesi usikate tamaa, uchonge mpana. Usiongeze unene! Ukiongeza upana mara mbili ugumu unaongezeka mara mbili, lakini ukiongeza unene mara mbili ugumu unaongezeka mara 8, na hapo mgongo na tumbo vyote vinateseka zaidi. Mti mzito punguza upana, mwepesi fanya mpana na mrefu kidogo. Kama unavuta mshale sm 70, anza na upinde wa sm 170, ukishakuwa mzoefu ndio upunguze.

SWALI: Fundi, nilikata shina safi kabisa nikaliweka juani likauke haraka. Wiki mbili tu limepasuka ncha zote mbili mpaka katikati. Nimekosea wapi? (Dada wa Mishale)

JIBU: Pole dada, kosa ni jua. Mti unatoa maji haraka sana kwenye ncha kuliko ubavuni, sasa ncha zinasinyaa wakati katikati bado pamejaa, lazima pachanike. Siku hiyohiyo ya kukata paka ncha zote gundi ya mbao au rangi, yoyote, hata nta, afu pasua shina katikati ili kile kiini kisibaki kimezungukwa, ukaweke kivulini penye hewa, pasipoguswa na jua wala ardhi. Ukibandua gome, paka na mgongo pia.

Kujua kumekauka ni rahisi, tumia mzani. Pima, andika kwa penseli palepale kwenye mti, pima tena baada ya wiki. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili tatu mfululizo basi. Ukitaka haraka chonga upinde kwa makadirio ukiwa bado mbichi, uuache mnene, utakauka upesi zaidi, lakini usiukunje hata kidogo ukiwa hivo, najua mikono inawasha.

SWALI: Je naweza kutumia ubao wa dukani tu? (Sina Shamba)

JIBU: Unaweza, ila utapekua mbao nyingi mpaka muuzaji akuchukie. Tafuta ule ambao mistari yake inatoka ncha hii mpaka ncha ile bila kukimbilia pembeni, uangalie na ubavuni, sio juu tu. Mstari ukitokea pembeni katikati ya ubao, rudisha. Fundo hata likiwa dogo kama punje ya dengu, kama liko kwenye ukingo wa mgongo, rudisha pia.

Mi upinde wangu wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka nilipoupiga randa mgongoni ung'ae kama meza ya sebuleni. Nikakata nyuzi zote za juu bila kujua. Mvuto wa tatu, paa! kipande kikanipitia juu ya sikio. Kwahiyo ukiwa na shina, mgongo uache vile mti ulivyouacha chini ya gome, na mabonde yake. Na ukiwa na ubao, piga msasa wa urefu tu, kufuata uzi, usikatishe.

Na vaa barakoa wakati wa kupiga msasa, hasa ukiokota kipande cha mvule, vumbi lake linakera pua na kifua siku nzima.