Kufunga AC kwenye nyumba ya zamani Mwanza: anza na nyumba, mashine baadaye

Ukiitwa kufunga AC kwenye nyumba ya zamani Isamilo au Kirumba, acha boksi la mashine getini kwanza. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, zima umeme, fungua meni swichi. Nyumba nyingi za zamani zina waya wa milimita 1.5 unaotoka soketi hadi soketi, na eathi (waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) haipo kabisa. Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula karibu ampea 5 ikishatulia, lakini zisizo na inveta, yaani kidhibiti cha kubadili kasi ya mashine, huvuta mara kadhaa ya hapo zinapowaka. Vuta laini yake peke yake: nyaya tatu za milimita 2.5, na breka yake, kwa kawaida ya ampea 16 au 20. Soma kibandiko cha mashine kabla ya kununua.

Eathi ndiyo inayowashinda wengi hapa. Mlimani, nondo ya shaba hugonga jabali kabla haijafika nusu. Usiikate ukaficha kipande. Tafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, chomeka nondo mbili au tatu uziunganishe, au laza waya mtupu wa shaba kwenye mtaro palipo na unyevu, kisha pima kwa kifaa. Kamwe usifunge eathi kwenye bomba la maji. Mabomba mengi ya chuma yamebadilishwa kuwa ya plastiki, na hitilafu ikitokea umeme utabaki kwenye bodi ya mashine ukimsubiri mtu aiguse.

Ukubwa: hesabu takriban BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinatosheka na 12,000, ila bati lisilo na dari litakudai zaidi. Ziba matundu ya hewa juu ya madirisha na mianya ya vioo vya luva, maana baridi yote hupitia hapo. Lakini chumba kinachowashwa jiko la mkaa usikizibe wala usikifungie AC. AC ya kawaida haileti hewa safi, na moshi wa mkaa unaua.

Jaribu ukuta kwa drili ndogo. Ikitoka vumbi laini bila ukinzani, hilo ni tofali la udongo: bamba la mashine ya ndani lifungwe kwa bolti zinazotokea upande wa pili, na mashine ya nje, ambayo ina kilo 25 au zaidi na inatetemeka, ikae chini kwenye zege. Tundu la mabomba liwe la milimita 65, likiinama kidogo kuelekea nje. Paa au dari ya asbestosi usiitoboe.

Bomba la shaba likatwe kwa kikata bomba. Msumeno huacha chembe zinazoingia kwenye kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi. Safisha ukingo mdomo ukiwa umeelekea chini, tanua, paka mafuta ya kompresa, kisha kaza nati kwa spana ya kipimo: robo inchi karibu Nm 16, nusu inchi karibu Nm 55. Bomba la maji literemke sentimita 1 kwa kila mita. Mwaga lita moja kwenye trei uone inatoka kabla ya kufunika.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba kwa pampu, na hapa usibembelezwe na mtu mwenye haraka. Kupuliza gesi kidogo ili isukume hewa nje ni uzembe, na gesi ya R32 inashika moto. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu. Maji yakibaki ndani huchanganyika na mafuta kutengeneza asidi, na kompresa hufa taratibu baada ya wewe kulipwa. Vuta hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha vakyumu), funga, subiri dakika 10. Kipimo kikipanda kisha kikatulia, kuna unyevu, endelea kuvuta. Kikipanda bila kukoma, kuna uvujaji. Geji ya mshale haiwezi kukuonyesha hayo.

Gesi ya ziada ipimwe kwa mizani kufuatana na urefu wa bomba uliozidi ule ulioandikwa na kiwanda.

Mwambie mwenye nyumba asiweke taa karibu na mashine ya nje. Vijidudu vya ziwani vinavyoruka kwa makundi kama moshi hufuata mwanga usiku, hujaa kwenye mapezi ya kondensa na kuziba hewa. Mapezi yaoshwe kwa maji ya mpira wa kawaida, umeme ukiwa umezimwa. Mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi.