Dawa ya sonona: siku kumi ni mapema mno

Dada mmoja ametuandikia: amemeza fluoksetini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), siku kumi, usingizi hakuna, kichefuchefu kimemkaa kooni, na moyo mzito vilevile. Anataka kuacha. Dada, tafadhali usiache.

Karaha ya dawa hii hutangulia, nafuu hufuata nyuma. Kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa usingizi huja siku za mwanzo, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki 1 au 2. Moyo huanza kuchangamka kati ya wiki ya 2 na ya 4. Kwa wengine hufika ya 6. Anayeacha siku ya kumi amelipa gharama yote akaondoka bila mzigo wake.

Kidonge cha miligramu 20 kimeze asubuhi baada ya chai, si usiku. Ukisahau, kesho usimeze viwili. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ni kinyume: humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Hukausha mdomo na kufunga choo, basi maji na mapapai yasikosekane. Ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua, kwa hiyo vidonge avitunze mtu wa nyumbani unayemwamini. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali siku hiyohiyo, na usibaki peke yako.

Mbele ya daktari wengi hutaja kichwa na mgongo tu, wakatoka na panadol. Sema yote: usiku unalala kwa muda wa saa ngapi, chakula kinapita au hakipiti, ni wiki ngapi hufurahii ulichokuwa unakipenda. Taja pombe, ujauzito, kunyonyesha, na kila dawa unayotumia, hasa tramadoli, ile ya maumivu. Na kama uliwahi kukaa siku kadhaa ukilala kwa muda wa saa 3 tu huku una nguvu kupita kiasi na pesa zinakutoka ovyo, lazima ajue. Huenda si sonona ya kawaida, na dawa hizi peke yake zinaweza kukurusha huko tena.

Kosa jingine hutokea mtu akishapona. Anaona yuko sawa, anaacha ghafla, miezi michache baadaye yuko kitandani tena. Endelea angalau miezi 6 baada ya kujisikia mzima, kisha daktari akupunguzie dozi kidogokidogo kwa wiki kadhaa.